Nedelya Karamfilova na Dubu Aliyehamia Ukweni

Padri Metodi, ndugu, jamaa, majirani wa Gorna Breza, wawindaji mliovua kofia zenu pale kwenye lango la makaburi, na wageni mliopanda mlima kutoka Smolyan na Plovdiv, familia imenipa mimi, Trendafil, mkwe wa marehemu, heshima ya kuwasomea maisha yake, kwa sababu watoto wake wawili wakifungua kinywa wanalia, na kwa sababu marehemu mwenyewe alipata kusema kwamba mkwe wake huyu hana kipaji kingine zaidi ya kula na kuongea. Niwieni radhi basi nikisoma kwa sauti ya juu na uso uliochangamka mbele ya jeneza, maana habari za mama huyu hazisomeki kwa kunong'ona.

Marehemu Nedelya Asenova Karamfilova alizaliwa siku ya Jumapili, tarehe 7 Julai 1946, hapa hapa Gorna Breza, akiwa mtoto wa nne wa mzee Asen, mkata magogo, na mama Kerana, mfumaji wa mablanketi ya sufu, na kwa kuwa siku hiyo ni ya Mtakatifu Nedelya, na Nedelya maana yake ni Jumapili, hakuna aliyehangaika kumtafutia jina. Inasemekana alipozaliwa alilia kwa nguvu hata mbwa wa ng'ambo ya mto wakamjibu, na mzee Asen, aliyekuwa nje akipasua kuni, akasema, "Huyu hatapotea msituni, Mungu atusaidie sisi tutakaokaa naye ndani."

Alianza shule ya msingi hapa kijijini mwaka 1953, akawekwa kwenye kwaya, akaondolewa kwenye kwaya mwezi huo huo, kwa kuwa alifunika sauti za wenzake wote, na mwalimu wa muziki akamwambia kwa upendo, "Mwanangu, wewe si mwimbaji, wewe ni king'ora." Hakununa. Mwaka 1961 alikwenda shule ya ufundi wa misitu mjini Velingrad, akahitimu Juni 1965 kwa alama nzuri, na tarehe 1 Machi 1966 akaajiriwa na ofisi ya misitu ya hapa, kitengo cha vitalu vya miche, ambako angeweza kuzeeka kimya kimya katikati ya misonobari michanga kama kile king'ora kisingekumbukwa.

Lakini kilikumbukwa, na mwaka 1968 akapewa kipindi katika redio ya waya. Vijana mliopo hapa hamkuiwahi, kwa hiyo niseme tu kwamba kila jiko la kijiji hiki lilikuwa na kisanduku cha mbao ukutani, chenye waya mmoja na kitufe kimoja, hakina stesheni ya kuchagua, kazi yako ni kuongeza sauti au kuipunguza, na sauti yenyewe ilitoka chumba cha juu cha ukumbi wa kijiji, pale penye dirisha linalotazama msitu. Kila Alhamisi saa kumi na mbili jioni Nedelya alikohoa kidogo mbele ya maikrofoni, akasema, "Hii ni Saa ya Msitu," kisha akasoma yale aliyoletewa na ofisi, kuhusu wanyama wanaolindwa na sheria na faini za kukata miti ovyo.

Tarehe 21 Septemba 1969 alifunga ndoa na Zahari Karamfilov, seremala na mfuga nyuki, ambaye baadaye alichaguliwa kuwa kiongozi wa chama cha wawindaji, na ndiyo maana watani walisema nyumba ile ina mambo, mke anatetea wanyama kwa mdomo na mume amening'iniza bunduki juu ya kitanda. Walijaliwa watoto wawili, Iskra aliyezaliwa tarehe 3 Februari 1971, na Rosen aliyezaliwa tarehe 12 Novemba 1974, na Iskra ndiye aliyenioa mimi mwaka 1992, nasema aliyenioa kwa makusudi, kwa sababu sikuwa na nyumba, nikahamia kwa wakwe na sanduku moja, na jina la mwanamume wa namna hiyo hapa kwetu mnalijua, zavryan zet, mkwe aliyejichomeka ukweni, ambaye hata paka wa nyumba humpita bila kumsalimu.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo bila hilo maisha ya marehemu yangekuwa ya mtumishi mwema tu. Kwa miaka ishirini na mitano alisema na kijiji hiki kuhusu msitu, na siku moja, kwa udadisi wake, aliweka kanda ya kipindi iseme yenyewe, akatoka kupita vichochoroni, akasikia kwa masikio yake kisanduku kimoja baada ya kingine kikipunguzwa sauti mara tu jina la kipindi lilipotajwa, jiko kwa jiko, mpaka mwisho wa barabara. Alirudi nyumbani akamwambia Zahari, "Miaka yote hii nadhani nazungumza na watu, kumbe nazungumza na masufuria." Zahari akamjibu, "Masufuria yana adabu, mke wangu, hayakatizi mtu." Alicheka, lakini jambo lilimkaa rohoni, kwa sababu wakati huo maisha yalikuwa yamekaza, mitego ya waya ilijaa msituni, dubu walikuwa wamebaki wachache, na yeye aliamini kwa dhati kwamba watu wakisikia vizuri watawaacha waishi.

Ndipo akakumbuka Siku ya Dubu, tarehe 30 Novemba, sikukuu ya Mtakatifu Andrea, ambapo bibi zetu walichemsha mahindi, ngano na maharage, wakarusha konzi moja juu ndani ya bomba la moshi, wakisema, "Shika, dubu, mahindi yaliyoiva, usije ukala mabichi, wala mifugo, wala watu." Alhamisi ya tarehe 25 Novemba 1993 aliacha makaratasi ya ofisi mezani, akakohoa, akasimulia jinsi mama Kerana alivyorusha mahindi na jinsi walivyokaa kimya kusikiliza kama dubu amesema asante, akasema watu waliomwogopa dubu walimheshimu pia, na mwisho akapaza sauti, "Jumanne, jamani, mpeni dubu mahindi yake!" Ah, waombolezaji, nilikuwa jikoni kwake siku ile, nikasikia kupitia ukutani kisanduku cha jirani kikiongezwa sauti, na cha jirani wa pili, na Bibi Stamena wa nyumba ya mwisho akatoka nje akilia na kupiga makofi, "Huyu sasa ndiye Nedelya! Alikuwa wapi siku zote?"

Kosa lilikuwa dogo, tena lisingeweza kufanywa na mtu mwingine duniani isipokuwa sisi. Mabomba ya moshi ya bibi zetu yalikuwa mapana, mtu angeweza kushusha mbuzi, lakini kufikia mwaka ule kila nyumba ilishaziba meko ya zamani na kuweka jiko la chuma, lenye bomba jembamba kama mkono, linalopinda kona na kutokea ukutani, na konzi ya mahindi haiwezi kupanda humo hata kwa maombi. Nedelya aliwaambia watu warushe, hakuwaambia warushe wapi, na wanawake wa kijiji, ambao hawakutaka kuvunja mila siku ile ile waliyorudishiwa, walibeba masufuria yao mpaka ukuta wa mawe nyuma ya nyumba ya Bibi Stamena, ukingoni mwa msitu, wakamwaga pale. Kisha mwanamke akatazama cha mwenzake, na aliyeleta mahindi matupu akaona haya mbele ya aliyeweka mafuta, na aliyeweka mafuta akarudi kuleta ngozi ya nguruwe, na kuna aliyeleta pai ya maboga nzima, jina lake silisemi lakini yupo mstari wa pili.

Asubuhi ukuta ulikuwa umelambwa ukang'aa, na kijiji kizima kilitoka kushangilia, "Amekula! Amepokea!" Alikuwa dubu dume, kijana, mwenye sikio lililochanika, ambaye kwa wakati ule alipaswa kuwa anaandaa pango lake la kulala, na Nedelya alipoziona nyayo zake akawa wa kwanza kunyamaza, kwa sababu alijua kilichosahauliwa na wengine, kwamba dubu anayelishwa halali majira ya baridi, na dubu asiyeogopa watu mwisho wake ni risasi. Alirudi kwenye maikrofoni, akawasihi waache, akasoma sheria, akaeleza tabia za dubu kwa utaratibu, na visanduku vikapunguzwa tena, maana sasa ilikuwa imeingia hofu, nani awe wa kwanza kumnyima? Bibi Stamena alimsimamisha dukani, mbele ya watu, akamwambia, "Wewe ndiye uliyesema tumpe, mwanangu. Leo unasema tumnyime. Akikasirika, atakuja kwako au kwangu?"

Basi walimlisha majira yote ya baridi, na ilipofika Machi alikuwa ameshavunja mizinga ya Zahari, ameingia jiko la nje la Bibi Stamena na kumaliza pipa la kabichi za chumvi, na mchana kweupe amekaa nyuma ya shule akijikuna mgongo kwenye nguzo ya goli. Katikati ya Aprili 1994 kikaja kibali kutoka mkoani, dubu huyo apigwe risasi kabla ya mwisho wa Mei, na kazi ikapewa wawindaji wa Zahari. Zahari, Mungu amrehemu, hakuwa mtu wa maneno mengi, alikiweka kibali mezani, akasema, "Nakupa mpaka Siku ya Mtakatifu Georgi, tunapowatoa kondoo kwenda malishoni. Akishuka siku ile, nitafyatua mwenyewe, na usinililie." Nedelya alilia pale pale, bila kujificha, akasema, "Akifa huyo, Zahari, hukumuua wewe. Nimemuua mimi kwa mdomo wangu."

Ilikuwa Kwaresima, tunakula maharage asubuhi na jioni, na mimi, kwa unyonge wangu, nikanyoosha bakuli kuomba nyongeza ya tatu, Zahari akasema, "Mwongeze, mwongeze, ukimnyima huyu naye atavunja mizinga." Nedelya alisimama na upawa hewani, akanitazama, akatazama dirishani upande wa msitu, akanitazama tena, halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini sakafuni, na mimi sikujua kwamba kwa bakuli lile nimeokoa roho.

Alhamisi ya tarehe 21 Aprili 1994 alikohoa, akasema, "Majirani, tumepata mkwe. Nani kamuoza binti yake kwa dubu, ajitokeze tumpe pongezi, maana huyu amehamia ukweni na hana mpango wa kuondoka. Kazi hafanyi, kuni hapasui, salamu hatoi. Kwaresima hii ninyi mnafunga na maharage, mkwe anakula ngozi ya nguruwe. Mkwe wangu Trendafil walau huwa anaosha bakuli! Atakayemwaga chakula ukutani kesho, sisi tutajua kwamba huyo ndiye mama mkwe." Waombolezaji, kijiji kiliangua kicheko ambacho nadhani kilisikika Smolyan. Hakuna aliyepunguza sauti. Kesho yake ukutani hapakuwa na punje, kwa sababu mwanamke wa hapa anaweza kumwogopa dubu, lakini kuitwa mama mkwe wa dubu ni jambo jingine kabisa, na mimi kwa majuma mawili sikuweza kupita dukani bila kuulizwa, "Vipi, Trendafil, shemeji yako hajambo?"

Alimaliza kipindi kile kwa maagizo, kila nyumba ikiweke kisanduku chake dirishani, kitufe mpaka mwisho, madirisha wazi mchana kutwa hata kama ni baridi, na atakayemwona mkwe apige simu chumba cha juu. Yeye alihamia huko juu na chupa ya chai, akakaa na maikrofoni, siku baada ya siku, mpaka Jumamosi Kuu ya tarehe 30 Aprili, alasiri, wakati mikate mitamu ya Pasaka ilikuwa inaiva kijiji kizima na harufu yake inapanda msituni moja kwa moja. Simu ikalia, ni Bibi Stamena, anapiga kelele, "Ameingia! Mkweo ameingia, yuko kwenye ukuta wangu, ananusa mkate!" Nedelya akafungua maikrofoni, akavuta pumzi aliyokuwa ameihifadhi tangu afukuzwe kwaya, akapiga, "MKWE! RUDI KWENU! NENDA UKAFANYE KAZI!" na sauti ile ikatoka kwa pamoja katika kila dirisha la Gorna Breza, mbele, kulia, kushoto, ukutani kwa Bibi Stamena hatua chache tu kutoka kwenye sikio lililochanika, vigae vikatetemeka, watu wote wakamfuatiza kwa kupiga masufuria, "Rudi kwenu! Rudi kwenu!", na dubu mkubwa vile akaruka juu kama paka aliyekanyagwa, akaanguka upande wa pili, akapanda mlima mbio mpaka mawe yakawa yanaporomoka nyuma yake. Padri wa wakati ule alitoka kanisani akidhani Ufufuko umewahi.

Ikaja Ijumaa ya tarehe 6 Mei, Siku ya Mtakatifu Georgi, wawindaji wamejipanga kwenye ukuta, bunduki zina risasi, kondoo wametoka, na Zahari amepiga goti. Dubu akatokea. Alisimama kwenye ukingo wa msitu, amekonda kidogo, akainua pua, akapiga hatua moja kuja kwetu, na Zahari akaweka bunduki begani, na kule chumba cha juu Nedelya, aliyekuwa akimwona mumewe na dubu kwa pamoja kupitia dirisha lile, alifungua maikrofoni na kabla hajasema neno akakohoa, kile kikohozi chake cha kila Alhamisi. Dubu aligeuka papo hapo, akaingia msituni bila kutazama nyuma, na hakuonekana tena kijijini. Zahari akatoa risasi, akaziweka mfukoni, akawaambia wenzake, "Msimcheke. Hata mimi nikikisikia kikohozi kile hukimbia." Nilimkimbilia mama mkwe kule juu kumpa habari, nikamkuta amekumbatia kile chombo cha maikrofoni anabubujikwa machozi na kucheka, akasema, "Wamenisikia, Trendafil. Wote. Hata yeye." Mwezi ule ule nikaanza kujenga nyumba yangu, kwa hiyo mnaweza kusema dubu na mimi tuliondoka ukweni mwaka mmoja.

Tangu hapo marehemu aliitwa vijiji vya mbali, shuleni, makanisani, kwa wachungaji na kwa wawindaji, mpaka alipostaafu mwaka 2006 na hata baada ya kustaafu, na kila alikokwenda alifuata kanuni moja aliyoipata kwa machozi, kwamba usimwambie mtu cha kufanya kabla hujaingia jikoni kwake ukaona ana jiko gani. Alifika siku moja kabla, akazunguka nyumba kwa nyumba, akanywa kahawa mpaka mikono ikatetemeka, akauliza wanatupa wapi takataka, mbwa wanafungwa wapi, nani anamwogopa nani, na kesho yake alipokohoa mbele yao alikuwa anasema mambo ya nyumbani kwao. Leo dubu wapo juu yetu, wapo na watoto wao, tunawasikia wakati wa kuvuna, nao wakitusikia wanaondoka.

Mzee Zahari alifariki tarehe 14 Februari 2009. Marehemu alianza kuugua koo mwezi Machi 2022, akafanyiwa upasuaji mjini Plovdiv tarehe 9 Mei mwaka huo, na upasuaji uliokoa maisha yake lakini ukachukua sauti, jambo ambalo sisi tulililia kuliko yeye, kwani alizoea upesi kusema kwa mikono na kwa kugonga meza na mwiko, na ugomvi wake ulieleweka vizuri kama zamani. Septemba hii hali ilibadilika, na siku ya Jumanne, tarehe 8 Oktoba 2024, saa nne asubuhi, aliaga dunia kitandani kwake, akiwa na umri wa miaka 78, ameacha watoto wawili, wajukuu wanne na kitukuu mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Plovdiv, muuguzi wetu Zdravka aliyepanda na kushuka mlima huu kwa mvua, wafanyakazi wenzake wa ofisi ya misitu, chama cha wawindaji kilichochimba kaburi, na majirani ambao hamkuacha mlango wake ufungwe hata siku moja.

Limebaki moja, na naomba mlisikie kwa utulivu, hasa kina bibi wenye vikapu. Jumapili iliyopita marehemu alituita sote kitandani, akaonyesha kwa kidole huku juu makaburini, akaonyesha mkate, akaonyesha msitu, kisha akatuonyesha midomo yetu, akagonga meza kwa mwiko. Iskra akamuuliza, "Mama, unataka tusikuachie chakula kaburini?" Akatikisa kichwa kukubali, akamshika mkono kwa nguvu, hakuuachia mpaka sote tumeahidi. Najua ni vigumu, najua hatujawahi kumwacha marehemu wetu bila ngano na mkate na divai juu ya udongo, na kuna mtu hapa tangu alfajiri anampikia kwa upendo wote. Lakini ni Oktoba, wanyama wanatafuta shibe ya baridi, na ukuta wa makaburi haya ni mawe matatu tu. Basi tutakula hapa hapa, sote, mbele yake, na kitakachobaki kitarudi na vikapu, mkate mpaka makombo, ngano mpaka punje.

Pumzika kwa amani, Mama Nedelya. Leo hatukuachii kitu chochote, na kwa hilo ujue kwamba tulikusikia.